SOMO LETU: Kuondoa konokono na wadudu katika tangi la samaki bila kutia sumu



Somo letu la safari hii linahusu tangi la samaki. Huenda baadhi yenu mkauliza, tangi la samaki na chama cha wafanyakazi wapi na wapi? Tunawaomba msome mpaka mwisho. Sisi wenyewe tulidhani ni jambo la mchezo, mpaka siku ile lilipotaka kugeuka msiba wa mtu.

Yaliyotupata

Tawi letu liko katika kiwanda cha kukamua mafuta ya mawese, karibu na Ziwa Tanganyika. Ndani ya ukumbi wa tawi tuna tangi la kioo lenye samaki wadogo wa ziwani, wale wakaao kwenye miamba. Tulilitengeneza kwa michango yetu. Jioni watoto huja kulitazama wakiwangoja wazazi wao watoke zamu. Wengi wao wamezaliwa kando ya ziwa na wamekula samaki tangu utotoni, lakini hawakupata kumwona samaki mama akibeba watoto wake kinywani. Katika tangi wanaliona hilo kwa macho yao.

Mwaka jana tulichuma majani ya majini katika mfereji tukayapanda ndani ya tangi. Haukupita muda mrefu, kioo kikajaa konokono wadogo, na juu ya mchanga wakatambaa minyoo myeupe myembamba kama uzi. Wengine wakasema, tangi limeingia wadudu, litiwe dawa. Mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akaomba mrututu kwa ndugu yake anayefanya kazi katika shamba la kahawa huko milimani, ambako dawa za shaba hupuliziwa miti kuzuia magonjwa. Akauleta umekwisha kuyeyushwa, ndani ya chupa ya soda.

Siku ya kwanza tulitia kidogo. Konokono wakajikunja, lakini wengi hawakufa. Tukasema, dawa ni haba. Siku ya pili tukaongeza mara mbili. Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa meupe kama yametiwa maziwa, yananuka, na samaki walikuwa juu ya maji wakitweta. Kufika adhuhuri walikuwa wamekufa wote.

Hilo lilikuwa jambo la kusikitisha, lakini halikuwa kubwa. Kubwa ni lile la jioni yake. Mama anayetupikia katika kantini alimkuta mtoto wa miaka mitano ameishika ile chupa ya soda, imebaki nusu, anahangaika kufungua kizibo. Ile rangi ya buluu ilimvutia, akadhani ni kinywaji. Mama akamnyang'anya, akaja nayo mpaka kwenye mkutano wetu, akaiweka mezani.

"Baba zangu," alisema, "samaki mtavua wengine. Huyu mtoto mngemvua wapi?"

Hatukuwa na jibu. Ndiyo sababu kikundi chetu cha masomo kikaamua kujifunza jambo hili tangu mwanzo, na haya ndiyo tuliyojifunza.

1. Kwanza mjue mgeni wako

Si kila kiumbe anayetokea katika tangi ni adui. Yafaa kumtambua kabla ya kumhukumu.

Konokono hula mwani, majani yaliyooza na mabaki ya chakula. Wachache wana faida, maana husafisha. Wakiwa mamia, hiyo ni habari kwamba chakula kinachotupwa ndani ya tangi ni kingi kuliko samaki wanavyokula. Mkumbuke pia kwamba konokono mmoja anatosha kuanzisha ukoo. Wako wenye uume na uke katika mwili mmoja, ambao waweza kuzaa hata wakiwa peke yao. Wako wengine wenye gamba refu lililochongoka, wanaojificha mchangani mchana. Kwa hawa jike huzaa watoto hai pasipo dume. Kwa hiyo kuwaondoa wote kwa siku moja ni vigumu, na wala si lazima.

Minyoo bapa na ile myeupe myembamba hutoka mchangani palipo na chakula kilichooza. Mingi haiwadhuru samaki wakubwa, lakini minyoo bapa yaweza kula mayai ya samaki.

Haidra ni kiumbe mdogo sana, hunata kwenye kioo na kunyoosha mikono kama uzi. Hukamata watoto wa samaki waliotoka kuanguliwa.

Mtoto wa kereng'ende ni mwindaji hodari. Huishi majini kabla ya kuota mabawa, na hula samaki wadogo. Huyu atolewe mara moja aonekanapo.

Ruba na chawa wa samaki hunyonya damu. Chawa wa samaki ni bapa, aking'ang'ania ngozi huonekana kama gamba lililolegea. Hawa nao hawana nafasi katika tangi.

2. Kwa nini sumu ilituangusha

Tangi ni nyumba moja yenye hewa moja. Ukimwaga sumu kwa ajili ya konokono, samaki hana mlango wa kutokea. Shaba humdhuru samaki katika matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana chumvichumvi nyingi za mawe, na kipimo chake cha pH ni karibu 9. Katika maji ya namna hii sehemu ya shaba huganda na kuzama mchangani. Ndiyo maana siku ya kwanza tulidhani dawa haikufanya kazi. Tulipoongeza, tulikuwa tunarundika sumu bila kujua.

Tena kuna adui wa pili ambaye hatukumfikiria. Konokono waliokufa walioza wote kwa pamoja. Kitu kikioza majini hutoa amonia, na amonia ni sumu kali kwa samaki. Ukali wake hutegemea maji yenyewe. Katika maji ya pH 7, yenye joto la kawaida la huku kwetu, chini ya sehemu moja katika mia ya amonia ndiyo iliyo katika hali ya kuua. Katika maji ya pH 9, ni theluthi moja au zaidi. Kwa hiyo uozo ambao samaki wa maji mengine wangeuvumilia, kwa samaki wetu ni kifo.

Na konokono je? Wale wa gamba refu wana kifuniko kigumu mlangoni mwa gamba. Walipoonja shaba walijifungia ndani. Baada ya majuma mawili wakatoka tena wakatembea juu ya kioo, ndani ya tangi lisilo na samaki hata mmoja. Tuliwaua tuliowapenda, tukawaacha tuliowachukia.

Wapo watakaosema, basi tutumie dawa za asili. Hapa pia tahadhari. Wazee wetu walijua utupa, majani yanayopondwa na kutiwa mtoni ili samaki waelee. Sumu ya utupa huzuia viumbe wa majini wasiweze kutumia hewa, na samaki ndio huanza kufa. Maji ya tumbaku, ambayo wakulima huyatumia kuua wadudu wa mboga, nayo huua samaki. Kitu kuota shambani si hati ya kwamba hakina madhara.

Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni hatari. Nyingi zina sumu ambayo kwa mtu ni ndogo, lakini kwa samaki ni kali mno, na pampu ya hewa huivuta na kuipeleka moja kwa moja majini.

3. Njia salama

Baada ya msiba ule tulianza upya kwa tangi jipya. Konokono waliingia tena, lakini safari hii hatukutia dawa yoyote. Tulifanya hivi:

Punguza chakula. Hii ndiyo dawa ya kwanza, na haina gharama. Wape samaki kiasi wanachokimaliza kwa dakika mbili au tatu, mara moja au mbili kwa siku. Siku moja katika juma usiwape kitu. Samaki wakubwa wenye afya hawatadhurika. Kwetu tatizo lilikuwa kwamba kila zamu iliwapa chakula, kwa hiyo samaki walikula mara tatu na konokono wakala mabaki yote. Sasa kuna mtu mmoja tu mwenye zamu ya kulisha, na jina lake limeandikwa ukutani.

Tega mtego. Jioni, kabla ya kuzima taa, weka jani la kabichi au kipande cha tango kilichochemshwa kidogo, kifungwe kijiwe kisielee. Asubuhi mapema litoe jani pamoja na konokono waliokusanyika juu yake. Rudia kila usiku. Kwa minyoo bapa, chukua kichupa chenye kizibo kilichotobolewa matundu madogo, weka ndani kipande kidogo cha nyama, kilaze mchangani usiku kucha, asubuhi ukitoe. Nyama isikae ndani ya tangi mchana, itaoza.

Toa kwa mkono. Mayai ya konokono ni kama vipande vya ute ulio wazi juu ya kioo na majani. Yakwangue uyatoe nje. Konokono wa kwenye kioo waokote kila siku. Usiwaponde ndani ya maji, maana mzoga utarudisha habari ile ile ya amonia. Haidra huondolewa kwa kukwangua kioo na kuvuta maji ya mahali pale kwa mpira.

Badili maji kwa kiasi. Pima kwanza tangi lina maji kiasi gani. La kwetu lina urefu wa sentimita 100, upana 40, na kina cha maji 50. Zidisha: 100 mara 40 mara 50 ni 200,000. Gawanya kwa 1,000, unapata lita 200. Robo yake ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Hizo ndizo tunazobadili kila juma, tukivuta uchafu wa mchangani kwa mpira. Maji ya bomba yenye klorini tunayaacha wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kuyatia.

Usiue bakteria wazuri. Ndani ya sponji ya chujio wanakaa bakteria wanaogeuza amonia kuwa kitu chenye madhara machache zaidi. Sponji isioshwe kwa sabuni wala kwa maji ya klorini. Isuuze katika ndoo ya maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, inatosha.

Tumia samaki walao konokono. Katika maziwa yetu wako samaki wenye taya za pili kooni, zenye nguvu ya kuvunja magamba. Samaki wa namna hii akiwekwa katika tangi lenye nafasi hufanya kazi bila mshahara. Lakini uliza wavuvi wanaomfahamu kwanza, maana wengine hukua wakubwa, na wengine hula samaki wenzao.

Kwa chawa wa samaki na ruba, mtoe samaki kwa wavu uliolowa, mshike ndani ya kitambaa kilicholowa, mng'oe mdudu kwa kibano, kisha mrudishe upesi.

Kazi hii ilituchukua kama miezi miwili. Ni ndefu ukilinganisha na chupa moja ya mrututu. Lakini hata samaki mmoja hakufa, na konokono sasa ni wachache, wanafanya kazi yao ya kusafisha.

4. Kuzuia ni bora kuliko kutibu

Karibu kila mdudu katika tangi aliingia kwa mkono wa mtu. Majani mapya yakaguliwe, yasuuzwe, kisha yakae peke yake katika ndoo yenye maji na mwanga kwa majuma matatu au manne. Mayai ya konokono huanguliwa kwa juma moja au mawili, kwa hiyo watoto wataonekana nawe utawaokota. Samaki wapya nao wakae peke yao majuma hayo hayo kabla ya kuchanganywa na wengine.

Maji, majani na konokono wa tangi wasimwagwe ziwani wala mtoni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 gugu maji lilionekana katika Ziwa Viktoria, nalo likaja kufunga bandari na kuwazuia wavuvi. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na lililetwa Afrika kwa sababu ya uzuri wa maua yake. Katika Ziwa Malawi nako wameonekana konokono wa gamba refu ambao asili yao ni Asia. Pambo la mtu mmoja laweza kuwa mzigo wa nchi nne.

Ziwa Malawi lina funzo jingine pia. Katika miaka ya 1980 na 1990 kichocho kiliongezeka katika vijiji vya ufukweni, na wataalamu wakahusisha jambo hilo na kupungua kwa samaki walao konokono, waliokuwa wakivuliwa kupita kiasi karibu na ufuko. Samaki walipoondoka, konokono wakabaki bila mlinzi.

5. Usalama wa mtu

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu.

Kichocho. Konokono fulani wa mifereji na mabwawa hubeba vijidudu vya kichocho, ambavyo hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwa hiyo usiingie mferejini miguu mitupu kuchuma majani ya tangi. Tumia viatu vya mpira na glavu, au uache kabisa. Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi safi hana kichocho, maana ugonjwa huu humfikia konokono kutokana na mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa. Anayeogopwa ni yule aliyetoka mferejini. Kama ulikwisha kuingia mferejini na una wasiwasi, nenda zahanati ukapimwe, dawa ipo.

Umeme. Kabla ya kutia mkono ndani ya maji, chomoa waya za taa na pampu. Waya upite chini ya tundu la umeme ndipo upande tena, ili tone la maji lisiteremke nao mpaka kwenye tundu.

Dawa za shambani. Dawa ya shamba isitoke stoo kwenda nyumbani wala ukumbini, hata kwa kijiko. Isihamishiwe katika chupa ya soda, ya maji au ya mafuta ya kula, kwa kuwa chupa ya soda humwambia mtoto, "Ninywe." Pipa tupu la dawa lisigeuzwe la maji. Na tusidhani kwamba dawa ni salama kwa kuwa tumeizoea. Endosulfani ilipuliziwa pamba na kahawa kwa miaka mingi katika nchi nyingi, ikiua samaki kila ilipoingia mtoni. Mwaka 2011 nchi zilizo katika Mkataba wa Stockholm zilikubaliana iachwe duniani.

Mfanyakazi ana haki ya kujua anachokishika. Mkataba Nambari 170 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unataka dawa za hatari ziwe na alama na maelezo ambayo mfanyakazi ataelewa, naye aelezwe madhara yake. Yule ndugu wa shamba la kahawa aliyetoa mrututu hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyemfundisha. Kwake ilikuwa ni dawa tu ya buluu, na dawa huponya. Mafunzo hayo ndiyo tunayopaswa kuyadai, kila tawi mahali pake.

Nusu chupa iliyobaki na mchanga wa tangi la kwanza tulivitia katika ndoo yenye kifuniko, tukaandika kilichomo, tukamkabidhi msimamizi wa usalama kiwandani. Hatukuvimwaga. Kutupa sumu nje ya uzio ni kumpelekea jirani.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Tangi lenye urefu wa sentimita 80, upana 30 na kina cha maji 40 lina lita ngapi? Robo yake ni ndoo ngapi za lita 20?

2. Kwa nini konokono wengi wakifa kwa pamoja samaki huwa hatarini, na kwa nini hatari hiyo ni kubwa zaidi katika maji ya Ziwa Tanganyika?

3. Taja dawa zote za sumu zilizomo nyumbani kwako leo. Zimo ndani ya vyombo gani? Mtoto anazifikia?

4. Katika stoo ya mahali penu pa kazi, ni mapipa mangapi yasiyo na maandishi, au yenye maandishi ya lugha ambayo wafanyakazi hawaielewi? Kamati ya tawi imekwisha kumwambia mwajiri?

Swali la tatu tulilijibu sisi wenyewe kabla ya kuliandika hapa. Kila mmoja alikwenda kwake kutazama. Kesho yake tulirudi na chupa saba, nne kati yake za soda.

Zikabidhiwe zilikostahili, ndugu, kabla jioni haijaingia na watoto hawajaja kutazama samaki.